Ghala la Mifupa na Makarani Wake Wanne

  Jioni hii twataka kusema nanyi habari za kitu ambacho kila mmoja wetu anacho mwilini mwake, tajiri kwa maskini, mzee kwa mtoto, wala hakuna akionaye. Kikipungua kupita kiasi katika damu, vidole hukakamaa, na mtu aweza kuanguka kifafa. Kikizidi kupita kiasi, figo hufanya vijiwe, na akili hulegea. Mwili hukilinda usiku na mchana, hali sisi wenyewe hatuna habari. Kitu hicho huitwa kalsiamu.

Jina hilo huenda likawa geni masikioni mwa wengine, lakini kitu chenyewe si kigeni. Watu wa pwani huchoma matumbawe, wakapata chokaa ya kujengea nyumba. Ndani ya matumbawe yale, na ndani ya chokaa ile, imo kalsiamu. Imo katika ganda la yai na katika nyumba ya konokono. Imo katika meno yetu na mifupa yetu. Kwa hiyo wako waiitao chokaa ya mwili, nasi leo tutaliazima jina hilo mara mojamoja. Ila mtu asidhani ya kuwa chokaa ya mwashi ni chakula au dawa. Ile huunguza kinywa na tumbo. Chokaa itufaayo ni ile iliyomo katika maziwa, na samaki, na nafaka, na majani ya mboga.

Kwanza tutazame kiasi chake. Mtu mzima ana kalsiamu ipatayo kilo moja, kadiri ya mfuko mmoja wa sukari wa dukani. Tukiigawa kilo hiyo mafungu 100, mafungu 99 yamo katika mifupa na meno. Fungu moja tu lililobaki limetawanyika katika nyama na damu. Na katika maji ya damu ya mwili mzima haimo hata nusu ya gramu moja, kiasi cha kukaa juu ya ncha ya kisu. Basi, kilo nzima imelala ghalani, na chembe chache tu ndizo zinazotembea. Lakini uzima wetu wa saa hii hutegemea chembe zile chache.

Madaktari wameipima kalsiamu iliyomo katika maji ya damu, wakaona ya kuwa mtu mzima mwenye afya huwa na miligramu 8.5 hadi 10.5 katika kila mililita 100. Mtu huyo afunge au ale karamu, alale au alime kutwa, kipimo hicho hakitoki katika mipaka yake. Mwenye duka hodari hawezi kuzilinda senti zake kwa uangalifu kama huo.

Kwa nini mwili ujisumbue hivyo? Jawabu lilianza kuonekana mjini London, miaka ya 1882 na 1883. Daktari mmoja, Sydney Ringer, alikuwa akiuchunguza moyo wa chura. Aliutoa mwilini, akautia katika maji ya chumvi, nao ukaendelea kupiga kwa saa nyingi. Alidhani ya kuwa ametumia maji safi kabisa, yaliyotoneshwa kwa mvuke. Baadaye akagundua kwamba maji yale yalikuwa ya mfereji wa mji. Akatengeneza maji mengine ya chumvi kwa maji yaliyotoneshwa kweli, na moyo ukalegea, kisha ukasimama. Akatafuta tofauti ya maji haya mawili, akaona ya kuwa yale ya mfereji yalikuwa na kalsiamu kidogo. Alipoitia kalsiamu katika maji safi, moyo ukapiga tena.

Leo twajua zaidi ya hayo. Bila kalsiamu moyo haukazi. Mikono na miguu haiwezi kujikunja. Jeraha halifungiki, maana damu haigandi bila kalsiamu. Na mishipa ya fahamu, ile ipelekayo habari kutoka kichwani mpaka kidoleni, hutulizwa na kalsiamu. Ikipungua, mishipa hiyo hushtukashtuka yenyewe bila kuamriwa, na misuli huvutika kama kamba. Ndiyo sababu mwili hauthubutu kukiacha kipimo kile kipande na kushuka ovyo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nani, basi, atunzaye daftari ya mali hii?

Watunzaji ni tezi nne ndogo sana zilizo shingoni. Kila mtu aijua ile tezi kubwa ya shingo, kwa kuwa ikivimba huwa rovu. Nyuma ya tezi hiyo, mbili upande huu na mbili upande huu, zimejibandika tezi nne, kila moja kadiri ya punje ya mchele. Huitwa tezi za paratiroidi. Sisi tutaziita makarani wanne wa ghala.

Makarani hawa walikaa siku nyingi bila kujulikana. Mwaka 1849 kifaru wa Bara Hindi alikufa katika bustani ya wanyama ya London, na bingwa Richard Owen akampasua ili ayajue maungo yake. Katika shingo ya mnyama yule mkubwa aliona kijitezi kidogo cha rangi ya manjano, akakiandika habari zake, wala hakujua kazi yake. Kisha mwaka 1880, katika mji wa Uppsala, nchi ya Sweden, kijana Ivar Sandström aliyekuwa akisomea udaktari aliandika habari za tezi hizo katika shingo ya mwanadamu. Watu wengi hawakuyajali maneno yake. Kitu kidogo kama punje ya mchele, chaweza kuwa na kazi gani?

Wakati uo huo madaktari wa Vienna na miji mingine ya Ulaya walikuwa wameanza kuyapasua marovu. Wagonjwa wengine walipona vizuri. Lakini wengine, siku moja au mbili baada ya kupasuliwa, waliona ganzi midomoni, vidole vikakakamaa, kisha wakashikwa na kifafa, na wako waliokufa. Madaktari wakastaajabu. Mwaka 1891 Eugène Gley wa Paris aliwachunguza wanyama, akaonyesha ya kuwa zile tezi ndogo zikiondolewa pamoja na ile kubwa, ndipo mnyama hukakamaa. Na mwaka 1909, katika mji wa Baltimore huko Marekani, William MacCallum na Carl Voegtlin waliona ya kuwa mbwa asiye na tezi hizo hupungukiwa kalsiamu katika damu. Na akitiwa kalsiamu mshipani, mkakamao hukoma upesi. Hapo ndipo ilipofahamika ya kuwa kisu cha daktari, kilipoondoa rovu, kilikuwa kimewaondoa na makarani bila kujua. Mwaka 1925 James Collip wa Kanada alifanikiwa kutoa katika tezi za ng'ombe ile dawa ya asili ambayo makarani huitumia. Madaktari huita dawa za namna hiyo homoni.

Sasa tueleze jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Makarani wanne huionja damu kila inapopita kwao. Wakiona kalsiamu imepungua hata kidogo, hutoa homoni yao, nayo huchukuliwa na damu kama barua ya tarishi. Barua hiyo hupelekwa mahali pawili. Ya kwanza hufika kwenye mifupa, ikasema, "Fungueni ghala, toeni kidogo." Ya pili hufika kwenye figo, ikasema, "Msiiache kalsiamu ipotee katika mkojo." Tena figo zikiisha kuipata barua hiyo, hufanya kazi nyingine kubwa: huikamilisha vitamini iitwayo D, nayo huenda kwenye utumbo na kuuamuru uchukue kalsiamu nyingi zaidi katika chakula. Vitamini hii yatoka wapi? Sehemu kubwa hutengenezwa katika ngozi yetu wenyewe, inapopigwa na jua. Kisha hupita katika ini, ikaja kwenye figo. Basi jua, ngozi, ini, figo, utumbo, mifupa na tezi za shingo, vyote vyashirikiana kwa ajili ya chembe zile chache za chokaa.

Kalsiamu ikiisha kurudi kipimoni, makarani hupunguza barua zao, na ghala hufungwa. Hivyo hufanya mchana kutwa na usiku kucha, tangu tumboni mwa mama mpaka siku ya kufa.

Hapa twawaomba mlishike neno moja, kwa kuwa ndilo kiini cha maneno yetu yote ya jioni hii. Mwili huitazama damu kwanza, na mifupa baadaye. Chakula kikiwa hakina kalsiamu ya kutosha, damu haipungukiwi. Mifupa ndiyo hulipa. Hulipa leo, na kesho, na keshokutwa, kimyakimya, bila maumivu. Mtu aweza kupimwa damu yake ikaonekana njema, kumbe ghala lake linakwisha. Ndiyo maana madhara ya kitu hiki huja yakiwa yamekwisha kukomaa.

Na mambo haya huharibika kwa njia tatu. Makarani waweza kukosekana. Makarani waweza kuzidisha kazi. Na ghala lenyewe laweza kuwa tupu.

Tuanze na makarani kukosekana. Huwapata hasa watu waliopasuliwa rovu, ikiwa tezi ndogo ziliumizwa au kuondolewa. Dalili ya kwanza ni ganzi kuzunguka midomo na katika ncha za vidole, kama sisimizi wanatambaa. Kisha kiganja hukunjamana chenyewe, vidole vikiwa vimenyooka na kubanana, na kidole gumba kikiingia kati. Miguu nayo hukakamaa. Ikizidi, koo hubana hata pumzi ikapita kwa shida, au mtu huanguka kifafa. Basi yeyote aliyepasuliwa shingo, akiona ganzi ya namna hii, asingoje asubuhi. Arudi hospitali mara moja, maana dawa ipo, nayo hufanya kazi upesi.

Watu wengine huichanganya hali hii na pepopunda. Siyo. Pepopunda huletwa na vijidudu viingiavyo katika jeraha, na dawa yake ni nyingine kabisa. Tena wako wasemao ya kuwa mtu aliyekakamaa vidole amepandwa na shetani, wakampeleka penye ngoma badala ya hospitali. Ngoma haiongezi kalsiamu katika damu, na saa zinazopotea hapo zaweza kuwa ndizo saa za kumwokoa.

Na mtoto mchanga, je? Watoto wachanga waweza kushikwa na degedege kwa sababu ya kupungukiwa kalsiamu, hata bila homa. Degedege nyingi katika nchi zetu huletwa na malaria na homa nyingine, wala hakuna mzazi awezaye kujua sababu kwa kutazama tu. Yampasa mzazi kumlaza mtoto ubavu, asimtie kitu chochote kinywani, kisha ampeleke kwa daktari upesi. Huko damu itapimwa, na sababu itajulikana. Lile neno la zamani la kuwa degedege ni ndege apitaye usiku juu ya nyumba, tuliache likae katika hadithi.

Wafugaji nao wana somo lao hapa. Ng'ombe wa maziwa mengi, hasa wa mbegu za kigeni, aweza kuzaa salama jioni, na asubuhi akaonekana amelala chini, masikio yamepoa, shingo ameikunja ubavuni, hawezi kusimama. Watu huuita ugonjwa huo homa ya maziwa, ingawa homa yenyewe haimo. Sababu yake ni hii. Katika maji ya damu ya ng'ombe mkubwa mna kalsiamu kama gramu 3 tu, lakini lita 10 za dang'a huchukua kama gramu 20. Mifupa ya ng'ombe imejaa kalsiamu, walakini mlango wa ghala ni mzito. Haufunguki kwa saa moja. Maziwa yanatoka upesi kuliko ghala linavyoweza kutoa. Zamani wanyama wengi walikufa hivyo. Siku hizi Bwana Mifugo humtia kalsiamu mshipani polepole, na mara nyingi ng'ombe aliyekuwa karibu na kufa husimama siku ile ile. Mwenye ng'ombe asimnyweshe dawa kwa nguvu akiwa amelala, kwa kuwa koo limelegea, na dawa yaweza kuingia mapafuni.

Sasa tuje kwa makarani wanaozidisha kazi. Mara nyingine tezi mojawapo huota uvimbe, ikawa haisikii tena habari za damu. Damu imejaa kalsiamu, nayo ingali ikiandika barua, "Toeni, toeni." Ghala huporwa na karani wake mwenyewe. Mifupa huwa laini, huuma na kuvunjika. Kalsiamu nyingi hupita katika figo ikafanya vijiwe. Mtu huona kiu, hukojoa sana, hufunga choo, huchoka na kuhuzunika.

Habari za nahodha mmoja wa Marekani, Charles Martell, zajulikana sana kwa madaktari wa nchi nyingi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye nguvu, aliyetumika katika meli. Alipokuwa bado kijana mifupa yake ilianza kuuma na kuvunjika kwa sababu ndogo, naye akaanza kuwa mfupi. Kufika mwaka 1926 kimo chake kilikuwa kimepungua kama inchi 7, kwa kuwa mifupa ya mgongo ilikuwa imejikunja na kushindiliana. Madaktari walitambua ya kuwa tezi imezidi kazi, wakamfungua shingo mara kadha wa kadha wakiutafuta uvimbe, wasiuone. Mwaka 1932, katika mji wa Boston, walipompasua mara ya saba waliuona kifuani, mahali ambapo tezi hizi si kawaida yake kukaa. Lakini ilikuwa kuchelewa. Vijiwe vya figo vilikuwa vimekwisha kumdhuru, na baada ya wiki chache akafariki. Hata hivyo mateso yake hayakupotea bure, kwa kuwa yaliwafundisha madaktari mahali pa kutafuta. Leo ugonjwa huu hujulikana kwa kupima damu, na wengi wapasuliwao hupona kabisa.

Njia ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi nasi, yaani ghala tupu. Hapa makarani hawana kosa. Wao huandika barua zao kwa uaminifu, lakini chakula hakileti kitu, au vitamini D haipo, basi mifupa hutolewa bila kurudishiwa. Kwa mtoto anayekua, mifupa huota ikiwa laini kama mti mbichi, na uzito wa mwili huipinda. Tena magoti hugongana au miguu hufanya matege, vifundo vya mikono huvimba, utosi huchelewa kufunga, na mtoto huchelewa kutembea.

Katika miji ya Ulaya yenye moshi na jua haba, watoto wengi walikuwa na ugonjwa huu. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwaweka watoto wagonjwa mbele ya taa yenye mwanga ulio kama wa jua, na mifupa yao ikapona. Wengi wakadhani basi, ya kuwa Afrika haiwezi kuwa na ugonjwa huu, kwa maana jua tunalo tele. Sivyo. Madaktari waliowachunguza watoto wenye matege huko Nigeria, nchi yenye jua jingi, walitoa matokeo yao mwaka 1999. Waliona ya kuwa watoto wale walikuwa wakipata kalsiamu kama miligramu 200 tu kwa siku. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Maana yake ni wazi. Jua hufungua mlango wa utumbo, lakini kama chakula hakina kitu cha kuingia mlangoni, jua litafanya nini? Na kinyume chake ni kweli vilevile: mtoto afungiwaye ndani na kufunikwa nguo mchana kutwa, hata akila vizuri, mlango wake haufunguki sawasawa. Tena maziwa ya mama, yaliyo bora kuliko yote kwa mtoto mchanga, yana vitamini D kidogo sana. Kwa hiyo mtoto atolewe nje apate jua.

Mama mwenye mimba naye hutoa katika ghala lake. Mtoto azaliwapo huwa na kalsiamu kama gramu 30 katika mifupa yake, na zote zimetoka kwa mama. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2011 ya kuwa, mahali ambapo chakula kina kalsiamu kidogo, wenye mimba wapewe vidonge vyake ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Basi mama akipewa vidonge hivyo kliniki, asiviweke kabatini.

Na wazee? Tangu utoto mpaka umri wa miaka 20 na kitu twajaza ghala. Baada ya hapo hukaa lilivyo kwa muda, kisha huanza kupungua; na kwa wanawake hupungua upesi zaidi damu ya mwezi ikiisha kukoma. Aliyejaza ghala ujanani ana akiba. Asiyejaza, aweza kujikwaa kizingitini akavunjika nyonga.

Tufanyeje, basi? Mtu mzima huhitaji kama miligramu 1000 kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 200 champa kama miligramu 240. Mtindi hufaa vilevile. Asiye na maziwa asikate tamaa. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yao, na mifupa ile ndiyo kalsiamu. Ulezi ni bora kupita nafaka zetu nyingi: gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300, hali gramu 100 za mahindi hazifikishi hata miligramu 20. Ufuta unayo, na majani ya sukuma wiki pia. Mchicha ni mboga njema kwa mambo mengi, lakini una asidi iifungayo kalsiamu, hata utumbo ukaipata kidogo. Mama apikaye uji wa mahindi matupu kila siku, akichanganya unga wa ulezi, au akitia maziwa, au akiwapa watoto dagaa kwa ugali wa jioni, amekwisha kuweka kitu ghalani. Haba na haba hujaza kibaba.

Walakini kiasi ndicho sheria ya mambo haya yote. Mtu asiende dukani kununua vidonge vingi vya vitamini D na kuvimeza kwa kushindana. Vitamini hiyo ikizidi sana, damu hujaa kalsiamu, na madhara yake ni kama yale ya karani aliyezidisha kazi. Na mwenye ugonjwa wa figo afuate neno la daktari wake, kwa kuwa figo zikiharibika haziwezi kuikamilisha vitamini D, na makarani huchoka kwa kuandika barua zisizojibiwa.

Nanyi wanafunzi, twawaachia kazi moja. Chukueni mfupa wa kuku, mwembamba, mkautie katika siki kali kwa siku kadhaa, mkibadilisha siki. Mtaona ya kuwa mfupa umekuwa laini, waweza kuupinda kwa vidole. Umbo lake ni lile lile, lakini siki imeitoa kalsiamu. Mkiisha kuupinda, mkumbuke ya kuwa mfupa wa mtoto asiyepata chakula kifaacho hulegea vivyo hivyo, ila huo hauonekani, maana umefunikwa na nyama.

Wahenga walinena, akiba haiozi. Akiba ya mifupa huwekwa nyumbani, katika chungu na kikombe, wakati mtoto angali anakua. Makarani wanne wa shingoni watafanya kazi yao bila kutuomba ruhusa. Kazi yetu ni kuhakikisha ya kuwa wakifungua ghala, watakuta kitu ndani.